Nani Anakukumbusha Kupima?

Ukitimiza miaka 50 hapa England, serikali inaanza kukuandikia kuhusu choo chako. Sitanii. Inakuja bahasha ambayo hukuiomba, ndani yake mna kichupa cha plastiki chenye kijiti kilichoshikana na kifuniko, karatasi ya maelezo yenye michoro, na bahasha ya kurudishia isiyohitaji stempu. Unachovya kijiti kwenye kinyesi, unakirudisha kichupani na kufunga, unaandika tarehe, kisha unatembea nacho hadi kwenye sanduku la posta la mtaani huku ukisalimiana na majirani kana kwamba umebeba barua ya kawaida. Baada ya wiki mbili hivi jibu linakuja: kuna damu isiyoonekana kwa macho au hakuna. Ukikaa kimya, wanakukumbusha. Miaka 2 ikipita inakuja bahasha nyingine, na utaratibu ni huo huo hadi miaka 74.

Mimi ni mwanamke, kwa hiyo bahasha zangu ni za aina tatu. Ya matiti inakuja kila miaka 3, kuanzia miaka ya hamsini ya mwanzo hadi unapofika 71, na mara nyingi barua yake imeshataja siku, saa na mahali. Mahali penyewe panaweza kuwa lori kubwa lenye mashine ya eksirei, limeegeshwa kwenye maegesho ya supamaketi, watu wanapita na matoroli yao ya viazi. Ya shingo ya kizazi huanza mtu akikaribia miaka 25 na kuishia 64. Siku hizi karatasi zinapungua na meseji zinaongezeka. Simu inalia, jina la kliniki linatokea, unaambiwa muda wako wa kupima umefika, chini yake kuna kiungo cha kuchagulia siku. Usipobonyeza, inakuja nyingine. Kuna wakati mtu anahisi anadaiwa mkopo.

Nilipomsimulia mdogo wangu aliyeko Muheza, Tanzania, habari ya kichupa, alicheka mpaka akaomba apumzike. Akawaita na mashoga zake waliokuwa wanasukana nywele barazani waje wasikie maajabu ya Ulaya. Cheko lilipomwisha akauliza: "Sasa dada, wamejuaje kwamba umetimiza hamsini?"

Swali hilo ndilo lenyewe. Watu wetu wakija kutembea huku, wakiwamo madaktari na maofisa wa wizara, kinachowavutia ni meseji. Wanarudi nyumbani wakisema na sisi tuanzishe mfumo wa kutuma meseji. Lakini kutuma meseji ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Kampuni za kubeti zinazituma kila kukicha kwa watu ambao hata mechi hawatazami. Kazi iko kwenye kujua umtumie nani, umwambie aje lini, na akijibu nani atasoma.

Wamejuaje? Mtu anapojiandikisha kwa daktari wa mtaa, jina lake, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na anwani vinaingia katika orodha ya taifa, na anakuwa na namba moja ya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, inayomfuata kila anapohamia. Kompyuta inapitia orodha, inachuja nani ana umri gani na alipima lini mara ya mwisho, na barua inatoka. Daktari hajakuona, hujakohoa, hujalalamika popote. Umeitwa kwa kuwa uko hai na umri wako umefika, basi. Na asiye katika orodha haitwi. Nawajua Waswahili hapa, tena wa miaka mingi, wanaoogopa kujiandikisha kwa kudhani wataulizwa makaratasi ya uhamiaji. Niseme wazi kwa faida yao: England mtu yeyote anaweza kujiandikisha kwa daktari wa mtaa bila malipo, na kukosa kibali au uthibitisho wa anwani si sababu ya kukataliwa.

Wala mambo hayakuwa hivi tangu zamani. Kipimo cha shingo ya kizazi kilikuwapo Uingereza tangu miaka ya 1960, lakini kwa zaidi ya miaka 20 kilikwenda kama kinavyokwenda kwetu leo: anapimwa aliyefika. Na aliyefika mara nyingi alikuwa yule yule, mwanamke mwenye elimu na nafasi, au kijana aliyekuja kwa mambo ya uzazi wa mpango. Wengine walipimwa kupita haja, na waliokuwa hatarini zaidi hawakupimwa hata mara moja. Mwaka 1988 ndipo ulipoanzishwa mfumo wa kuita na kuita tena kwa kutumia orodha za wagonjwa wa madaktari wa mtaa. Mwaka huo, wanawake wa England waliokuwa wamepimwa kwa wakati walikuwa asilimia 42 ya waliostahili. Kufikia 1994 walikuwa asilimia 85.

Hapo meseji hazikuwapo. Kulikuwa na orodha, barua na stempu. Kulikuwa na pesa pia: tangu 1990 daktari wa mtaa alilipwa zaidi akiwafikia asilimia 80 ya wanawake wa orodha yake, kwa hiyo yeye mwenyewe alikuwa na sababu ya kumtafuta asiyekuja. Kipande hiki cha pesa huwa hakisimuliwi kwenye warsha zetu za mahotelini, sijui kwa nini, maana ndicho ambacho kila mshiriki angekielewa bila projekta.

Nisiwapambe mno Waingereza. Leo, pamoja na barua, meseji na programu ya NHS kwenye simu, wanawake wa England waliopima shingo ya kizazi kwa wakati ni chini ya asilimia 70, wakati lengo ni 80. Mamilioni wanaona ukumbusho, wanaufuta, wanaendelea na maisha. Wengine wanaona aibu, wengine waliumizwa mara ya kwanza, wengine wanafanya kazi ya zamu isiyowapa ruhusa. Hayo hayaondolewi na meseji ya nne.

Na orodha yenyewe ikikosea, inakosea kimyakimya. Mei 2018 waziri wa afya wa wakati huo, Jeremy Hunt, alisimama bungeni kutangaza kwamba wanawake wapatao 450,000 wa miaka 68 hadi 71 hawakuitwa kwa ajili ya kipimo chao cha mwisho cha matiti, kwa hitilafu ya kompyuta iliyodaiwa kuanza 2009. Uchunguzi uliofuata ulisema walioathirika walikuwa wachache kuliko hao. Hata hivyo, kilichonishtua si idadi. Miaka yote hiyo hakukuwa na kelele. Mtu aliyezoea kuitwa asipoitwa hudhani yuko salama, na hana sababu ya kwenda kugonga mlango kuuliza mbona mmenisahau. Bibi wa Muheza, ambaye hajawahi kuitwa na yeyote, angalau anajua kwamba akiumwa ni juu yake.

Halafu kuna ubaya wa kumkumbusha mtu jambo ambalo hawezi kulifanya. Nilipata meseji ya shingo ya kizazi, nikapiga simu kliniki saa 2 kamili asubuhi kama ilivyo desturi huku, nikaambiwa na mashine kwamba niko nyuma ya watu kumi na kitu. Zamu yangu ilipofika, nafasi za nesi zilikuwa zimekwisha, nipige kesho. Kesho yake nikawa kazini. Meseji ikaja tena kunikumbusha kwamba sijapima. Mwenye kukumbusha alikuwa kompyuta moja, mwenye kugawa nafasi alikuwa kompyuta nyingine, na hazisalimiani.

Ndiyo maana naipenda barua ya matiti kuliko zote. Ile inasema: Jumanne fulani, saa 4 na dakika 20 asubuhi, kwenye lori la maegesho. Kama siku haikufai, badilisha. Mtu akishapewa saa, kutokwenda kunahitaji uamuzi. Akiambiwa apige simu apange mwenyewe, kutokwenda kunajitokea tu. Wakati wa korona vituo vingi vya England viliacha kupanga saa, vikawa vinawaambia wanawake wapige simu wenyewe, na baadaye wakuu wa NHS wakaviagiza virudi kwenye saa zilizopangwa. Ukitaka kuiga kitu kutoka huku, iga hicho kwanza. Hakihitaji intaneti.

Sasa twende nyumbani.

Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoua wanawake wengi zaidi kuliko saratani nyingine yoyote Tanzania. Makadirio ya kimataifa ya 2020 yaliweka wagonjwa wapya kwenye zaidi ya 10,000 kwa mwaka na vifo kwenye zaidi ya 6,000. Wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road wanafika ugonjwa ukiwa umeshakomaa, wakiwa wametoka mikoani na fomu ya rufaa iliyokunjwa ndani ya kanga. Huu ni ugonjwa unaochukua miaka mingi kutoka mabadiliko ya awali ya seli hadi saratani kamili. Muda wa kumpata mwanamke upo. Anayemtafuta ndiye hayupo.

Kipimo tulichonacho vituoni ni kile cha asidi ya siki. Nesi anamlaza mama kitandani, anafungua njia kwa chombo cha chuma au plastiki, anapaka asidi iliyopunguzwa makali, anasubiri dakika moja, anamulika na taa. Panapogeuka peupe pana walakini. Na hapo ndipo uzuri wake ulipo: jibu linatoka mama akiwa bado kitandani, na kama doa ni dogo anaweza kutibiwa siku ile ile kwa kugandishwa kwa baridi kali au kuunguzwa kwa joto, kisha akaenda zake. Hakuna maabara, hakuna kusubiri majibu, hakuna "rudi baada ya wiki tatu".

Nimewahi kusikia wenzangu huku wakikidharau kipimo hiki, eti ni cha kimaskini, siki ya kachumbari. Wanakosea. Kilibuniwa na watu waliojua fika kwamba mama akishatoka mlangoni huna hakika ya kumwona tena. Kipimo cha England kinakwenda maabara kwa sababu England ina anwani ya kila mtu. Cha kwetu kinamalizia palepale kwa sababu sisi hatuna. Kila kimoja kimekatwa kwa kipimo cha mwili wake.

Shida ni kwamba mwili unabadilika. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linapendekeza kipimo cha kirusi cha HPV, ambacho ndicho chanzo cha saratani hii, kiwe ndicho cha kwanza, kwa kuwa kinagundua zaidi kuliko jicho la nesi, na mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti laini nyuma ya pazia bila mtu kumtazama. Lengo la shirika hilo ni kwamba ifikapo 2030 wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa kwa kipimo cha aina hiyo kabla ya miaka 35 na tena kabla ya 45. Ni kipimo kizuri, na kwa aibu za kwetu hicho cha kujichukulia mwenyewe ni neema. Lakini majibu yake mara nyingi hayatoki siku hiyo. Maana yake, kwa mara ya kwanza, itatubidi tumtafute mama baada ya kuondoka. Tunaingia kwenye dunia ya kuita na kuita tena, tupende tusipende.

Na jaribio la kuita kwa meseji limeshafanyika. Watafiti waliwachukua wanawake wa Dar es Salaam na Kilimanjaro waliokutwa na HPV na kutakiwa kurudi baada ya miezi 14. Nusu walitumiwa meseji kwa miezi kadhaa, za kuelimisha na za kukumbusha, nusu hawakutumiwa. Matokeo yalichapishwa 2020. Meseji hazikuongeza waliorudi. Katika makundi yote mawili, walio wengi hawakuonekana.

Mtu wa warsha atasema wanawake wetu hawajaelimika. Mimi namfikiria mdogo wangu na simu yake. Kwanza, namba iliyoko kwenye faili lake la kliniki ni ya shemeji, kwa sababu siku ile laini yake ilikuwa imefungwa. Wapo walioandikisha namba ya jirani, ya mtoto anayesoma Tanga mjini, ya bodaboda anayewabeba. Pili, meseji kutoka namba usiyoijua, Tanzania hii ya matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii", inafutwa kabla haijasomwa hadi mwisho, na anayefuta ana akili timamu. Tatu, fikiria meseji ya kirusi ikifika kwenye simu ya mume. Kwetu ukisema virusi, mtu anasikia Ukimwi. Mama aliyekwenda kupima kwa nia njema anarudi kuulizwa amevitoa wapi, na hapo hakuna nesi wa kumwelezea baba kwamba HPV ni kirusi kingine ambacho watu wengi hukipata wakati fulani wa maisha yao na wengi mwili hukifukuza wenyewe. Nne, nauli. Nauli haikumbushwi, inatafutwa.

Meseji za utafiti ule zilikuwa za upande mmoja. Zilikwenda, hazikuuliza kitu, na hapakuwa na mtu wa kuzijibu. Linganisha na kilichofanyika Kenya miaka kadhaa kabla. Katika kliniki za wagonjwa wa VVU, zikiwamo za Pumwani na Kajiado, nesi alituma kila Jumatatu neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alikuwa na saa 48 za kujibu, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyesema shida alipigiwa simu. Aliyenyamaza pia alipigiwa. Wagonjwa 538 walishiriki, na matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2010: waliosema wanameza dawa zao inavyotakiwa walikuwa asilimia 62 katika kundi la meseji na asilimia 50 katika lile lisilopata. Hakuna neno UKIMWI kwenye meseji, hakuna neno dawa. Mume akiiona, ni salamu tu. Kazi yote ilikuwa upande wa pili, kwa nesi anayesoma majibu na kunyanyua simu.

Hapo ndipo naona England ingejifunza kwetu. Meseji za kliniki yangu zinaishia na onyo kwamba nisijibu kwa sababu namba hiyo haisomwi. Ningependa siku moja waniulize mambo.

Tanzania nayo ilikuwa na Wazazi Nipendeni. Kuanzia 2012 mjamzito alituma neno MTOTO kwenda 15001, bure, kisha akapokea meseji zinazofuata umri wa mimba yake: lini aende kliniki, adai vipimo gani, ajiandae vipi na kujifungua. Ninachokisifia hapo ni kwamba mama alijiandikisha mwenyewe, kwa simu aliyoichagua mwenyewe, na kueleza mimba ina muda gani. Orodha ilijiandika. Lakini iliwahusu wajawazito na wazazi wa watoto wachanga, na mwanamke wa miaka 38 aliyemaliza kuzaa hakuwa na neno la kutuma.

Kwa hiyo orodha ndiyo tunayokosa? Nilidhani hivyo, mpaka nilipokumbuka kadi ya kliniki. Kila mama Tanzania anaijua: karatasi ngumu iliyopinda pembe, imehifadhiwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha kuzaliwa, ina mstari wa uzito unaopanda na safu ya tarehe za kurudi zilizoandikwa kwa kalamu ya bluu. Kwa kadi hiyo, bila kompyuta, Tanzania imewafikisha watoto wake kwenye viwango vya chanjo ambavyo nchi nyingi tajiri kuliko sisi zingevionea wivu. Mama asipokuja tarehe yake, nesi wa zahanati anamjua kwa jina, na atamtuma mtu kumwambia akikutana naye gulioni. Chanjo ya HPV yenyewe imepita njia hiyo na ya shuleni tangu 2018.

Na anayembeba mtoto kliniki ni nani? Ni mwanamke huyo huyo tunayesema hatujui pa kumpata. Anakuja mwenyewe, kwa miguu, mwezi baada ya mwezi, anakaa kwenye benchi saa nzima akingojea zamu. Mtoto anapimwa uzito, anachomwa sindano, tarehe ya kurudi inaandikwa. Mama haulizwi chochote kuhusu mwili wake. Mwongozo wa Tanzania unasema wapimwe wanawake wa miaka 30 hadi 50, na wenye VVU mapema zaidi na mara nyingi zaidi. Kwenye benchi lile wapo wa miaka 30, 34, 41, pamoja na bibi aliyemsindikiza mkwe. Kuongeza mstari mmoja kwenye kadi ya mtoto, "mama kupimwa shingo ya kizazi: tarehe fulani, chumba fulani, asubuhi", hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji nesi wa kutosha na chumba chenye mlango unaofungika, na hapo najua nesi anayesoma hapa ameshaguna. Ana haki. Nesi mmoja hawezi kuchanja, kuzalisha, kupima na kujibu "Shida" za kijiji kizima.

Ndiyo maana macho yangu yako kwa wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii. Kenya ilizindua kundi la wahudumu wapatao 100,000 Septemba 2023, wakapewa mikoba ya vifaa na simu za kuandikia taarifa za kaya. Tanzania ilianza mpango wake mpya wa kuwaajiri na kuwafundisha Januari 2024. Huyu ni mtu anayeingia uani, anajua nani amehamia kwa mwanawe Dar, nani laini yake imebadilika, nani mumewe ni mkali. Mpe yeye orodha ya wanawake wa umri huo katika kitongoji chake, mpe tarehe na nafasi ambazo zimeshatengwa kituoni, na mlipe kwa kuwafikisha, kama Waingereza walivyoanza kuwalipa madaktari wao mwaka 1990. Meseji itakuja baada ya hapo, na itakuwa na wa kumtaja.

Wasiwasi wangu ni kwamba tutafanya kinyume. Atakuja mtu na programu yenye rangi nzuri, itazinduliwa kwa keki na tisheti, itatuma meseji milioni kwa namba zilizonunuliwa, na ripoti itahesabu zilizotumwa. Siku utakapoona ripoti kama hiyo, uliza swali la mdogo wangu: wamejuaje? Kisha uliza la pili: ni wangapi walikuja, na waliokutwa na tatizo ni wangapi waliotibiwa? Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Namba ya simu ya mwanamke pamoja na jibu la kipimo chake si mali ya kampuni ya matangazo.

Kwa wauguzi na wahudumu mnaosoma hapa, ombi langu ni dogo. Mnapoandika namba ya simu kwenye faili, ongezeni maneno mawili pembeni: ni ya nani. Na mwulizeni mama kama meseji inaweza kutumwa huko, na iseme nini.

Kwa sisi tunaotuma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi, tukiongea na mama, dada, mashangazi, tuulize walipima lini. Uliza wakati hakuna spika. Kama hawajawahi, tuma nauli ya siku hiyo peke yake, usiichanganye na ya ada ya shule, maana itaishia kwenye ada. Na wewe uliyeko Tanzania, una miaka 30 hadi 50 na hujapima, anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya iliyo karibu. Ulizia kwanza siku zao za kupima, kwa sababu vituo vingine vina siku maalumu. Usisubiri kuitwa. Kwa sasa jina lako halimo kwenye orodha ya mtu.